Gemu la Kumpa Mhakiki

Ukitaka kumpendekezea mhakiki gemu lenye stori, usianze na lile ulilolipenda wewe. Anza na mikono yake. Nimelifahamu hili kwa kumhudumia mtu mmoja tu: mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari, sasa mstaafu, ambaye kwa miaka mingi ameandika safu ya uhakiki wa riwaya na tamthilia gazetini. Mimi nina banda la gemu Temeke. Mhariri wake alipomtaka aandike na kitu cha vijana, alikuja kwangu moja kwa moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyekuwa ukisinzia kipindi cha ushairi? Nasikia siku hizi watoto wanasoma hadithi humu ndani."

Nikatazama huku na huku. Kila kioo kilikuwa na mpira.

Mabanda yetu ndivyo yalivyo. Mteja analipia mechi, mechi ikiisha aliyefungwa anampisha mwenzake. Gemu la stori linavuruga hesabu hiyo, maana linataka mtu akae saa tatu peke yake, na mwenye mia tano mkononi hakai saa tatu. Akirudi kesho anakuta kuna aliyesevu juu ya sevu yake, Kratos, shujaa wa God of War, karudishwa mwanzo wa safari, na malalamiko yanasikika hadi kwa muuza chipsi. Kwa hiyo wachezaji wa stori kwangu ni wachache na wanajuana. Wanakuja asubuhi, banda likiwa tupu na bei iko chini. Ndio niliowaita wanisaidie kumshauri Mwalimu, na ndani ya dakika chache walikuwa wanapigiana kelele. GTA! God of War! Red Dead!

Red Dead Redemption 2, la mwaka 2018, lina hadithi nzuri mno: genge la majambazi wa Marekani linalosambaratika mwaka 1899, huku dunia yao ikiwafungia milango mmoja mmoja. Kwenye kompyuta linadai nafasi ya GB 150, na kulimaliza ni makumi ya saa. Mzee mwenye safu ya kila wiki na bando la kuunga unga, unampaje hilo?

Kabla yetu, wengine wengi walishaupitia ugomvi wa aina hii. Aprili 2010 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago Sun-Times, aliandika kwamba magemu hayawezi kamwe kuwa sanaa. Wasomaji walimwandikia kwa maelfu, wengi wakimtajia majina ya magemu, Shadow of the Colossus likiwa miongoni mwa yaliyotajwa. Julai mwaka huohuo akaandika tena, akakubali kwamba hakupaswa kutoa hukumu juu ya kitu asichokicheza, ila hamu ya kukicheza bado hakuwa nayo. Watu hukumbuka kisa hicho kama hadithi ya mzee mkaidi. Mimi hukumbuka jambo jingine: mwaka 1994, katika jarida la Wired, huyohuyo Ebert alilisifu sana gemu la Kijapani liitwalo Cosmology of Kyoto. Mle mchezaji anatembea Kyoto ya kale kwa kubofya tu, anakufa, anapita jehanamu, anazaliwa upya, wala hakuna pointi za kufukuzia. Nadhani mlango wake ulikuwa pale. Waliokuja baadaye na orodha zao hawakumuuliza aliingilia wapi mara ya kwanza.

Hata hivyo vijana wangu walishinda raundi ya kwanza. Tukamwekea Mwalimu The Last of Us, la mwaka 2013.

Linaanza usiku, na wewe ni Sarah, msichana anayezunguka nyumbani akimtafuta baba yake. Kijiti cha kushoto cha pedi, kifaa cha mkononi cha kuchezea, kinamtembeza, cha kulia kinageuza macho yake. Sisi tulijifunza hilo utotoni hadi tumesahau kwamba ni jambo la kujifunza. Sarah wa Mwalimu alitazama dari. Akatazama zulia. Akatembea akiwa ameelekea ukuta, miguu inakanyaga papo hapo, huku televisheni ikitangaza balaa lililoikumba nchi na yeye hana habari nayo. Vijana waliuma midomo wasicheke. Tulipofika mwisho wa sehemu ile ya kwanza (aliyecheza anajua ninachosema, asiyecheza simharibii), Mwalimu alikuwa ameilaza pedi mapajani na kukunja mikono kifuani.

"Imeniuma," alisema. "Lakini imeniuma kama sinema. Kila penye uzito mmeninyang'anya kifaa."

Simuungi mkono kwa gemu lile zima. Mwishoni kabisa lina chumba kimoja ambacho uzito wake wote uko kwenye kidole chako, na kukataa huwezi. Lakini kukifikia chumba hicho ni saa nyingi, na yeye asingefika. Kauli yake ndiyo ikawa kipimo nilichokuwa nakitafuta: stori ambayo penye uzito, kifaa kiko mkononi mwako.

Basi nikaanza na simu, kwa sababu kupangusa kioo kwa kidole alikuwa anajua. Florence ni la mwaka 2018, linatoka Melbourne, na linaisha kwa nusu saa au zaidi kidogo. Msichana anampata mwanamume, wanapendana, basi. Maneno karibu hakuna. Wanapozungumza mara ya kwanza, kila kauli yake unaiunga kwa vipande vya fumbo, na vipande ni vingi. Wakizoeana vipande vinapungua, kauli inakuja yenyewe. Wakigombana vinakuwa na ncha, na unajikuta unaviunga harakaharaka ili usishindwe na yule wa upande wa pili. Mwalimu alilicheza kwenye daladala akitoka Mbagala. Alinipigia jioni.

"Kijana wangu, nimegombana na mtu ambaye sikumsikia akisema neno lolote."

Nikajua tumeshika njia.

Lililofuata lilikuwa Papers, Please, na hilo nililichagua kwa makusudi mengi. Linachezwa kwa mausi peke yake. Michoro yake ni ya kukwaruza, kompyuta kongwe yoyote inalibeba na bando haliumii. Alilitengeneza mtu mmoja, Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, likatoka mwaka 2013. Siku hizi liko hata kwenye simu. Na zaidi ya yote, ni gemu la dirishani. Kila mtu wa nchi hii amewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akaambiwa njoo kesho. Nilitaka Mwalimu akae upande wa pili wa kioo.

Ni mwaka 1982, katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Umepata kazi kwa bahati nasibu: kukagua pasipoti mpakani Grestin. Foleni haiishi. Unaita mmoja, anaweka karatasi zake, unalinganisha picha na sura, tarehe na kalenda, jina na jina, kisha unagonga muhuri, wa kijani au mwekundu. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowapitisha kwenye meza yako bila kosa. Jioni inakuja hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa. Siku ikiwa mbaya unachagua kipi kisilipwe.

Nilikaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, nimejifunga kauli. Akaja mwanamume mmoja, karatasi zake safi. Akipita alisema mkewe anamfuata nyuma, amwonee huruma. Mke akaja. Pasipoti anayo, kibali cha kuingia hana. Mwalimu akaachia mausi.

"Nikimruhusu itakuwaje?"

Sikumjibu.

"Nakuuliza wewe."

"Mwalimu, mimi sipo."

Akagonga kijani. Mwanamke akashukuru, akapita, na papo hapo mashine ya pembeni ikatema karatasi: umekiuka taratibu. Maonyo mawili ya kwanza kwa siku hayana faini, kuanzia la tatu unakatwa. Akaisoma karatasi ile mara mbili, kama mtu aliyeletewa barua ya ukweni, akaisogeza pembeni ya meza, akaita anayefuata.

Siku zilizofuata, siku za mle ndani ya gemu, mtoto akaugua. Mwalimu akaanza kwenda mbio. Alirudisha watu kwa tarehe iliyopitwa na siku moja. Alirudisha mzee kwa tofauti ya uzito. Baadaye aliniambia kwamba kisa cha yule mke hakikumtisha. Alitegemea kuwa na huruma na akawa nayo. Kilichomtisha ni kugundua kwamba alikuwa hasomi tena majina ya watu. Anasoma tarehe tu. Hilo ndilo aliloliandika gazetini, na halikuwa na sentensi hata moja ya kusimulia hadithi ya gemu. Lilisimulia jinsi mkono wake ulivyobadilika.

Mhariri alimrudishia makala na swali: huyo mkaguzi mwisho wake nini? Papers, Please lina miisho ishirini. Wa Mwalimu ulikuwa kukamatwa kwa deni, mapema kabisa. Vijana wangu walimwona hajui kucheza, wakamtaka arudie hadi apate mwisho wa maana. Alikataa. Alisema akihakiki riwaya anasema amesoma nini, na hapa atasema amefanya nini na amefikishwa wapi, msomaji akacheze apate wake. Mhariri aliguna, akachapisha. Tangu hapo, nikimpa mtu gemu lenye miisho mingi, namwambia aandike ule uliompata. Kwenda kuitafuta mingine kwenye video za wenzake ni kuhakiki jirani.

Na suala la kunyamaza ni zito kuliko linavyoonekana. Mpenzi wa gemu akilipendekeza hawezi kuvumilia. Anataka akuonyeshe pale palipomliza. "Subiri ufike darajani!" Sasa mhakiki anafika darajani akiwa anasubiri, na kilichokuwa kimefichwa kwa ufundi wa miaka kadhaa kimekufa. Nina mfano ambao sitausimulia. Brothers: A Tale of Two Sons, la mwaka 2013, limeongozwa na Josef Fares, mtengeneza filamu wa Sweden aliyezaliwa Lebanoni. Ndugu wawili wanamtafutia baba yao dawa. Kijiti cha kushoto ni kaka, cha kulia ni mdogo wake, unawaendesha wote wawili kwa pamoja. Kuna mahali karibu na mwisho ambapo vijiti hivyo vinafanya jambo ambalo kitabu hakiwezi wala filamu haiwezi. Nimemaliza. Mwalimu alipofika pale aliita jina la mkewe kutoka jikoni, wala hakusema anamwitia nini.

Faida nyingine ya gemu hilo: wahusika wanazungumza lugha ya kubuni isiyokuwepo duniani. Mtoto wa darasa la nne asiyejua Kiingereza na profesa wanalielewa sawasawa. Kwetu hilo si dogo. Nusu ya magemu ninayoyaheshimu kwa uandishi yamefungwa ndani ya Kiingereza kizito, na mbaya zaidi ni lile ninalolipenda kuliko yote, Disco Elysium. Lilitoka mwaka 2019, likaandikwa na kundi lililoanzia Estonia, na lina zaidi ya maneno milioni moja. Wewe ni mpelelezi uliyeamka na ulevi, hukumbuki hata jina lako, na nyuma ya hosteli kuna maiti inaning'inia mtini. Akili yako imegawanyika sauti ishirini na nne, mantiki, mamlaka, huruma na wenzao, na zinabishana nawe kila unapofungua mlango. Mwalimu ana Kiingereza cha kutosha na alilitaka sana. Asubuhi ya kwanza aliona tai ya shingoni ya mpelelezi inazunguka kwenye feni ya dari, akajaribu kuichukua, moyo ukashindwa, akafa. Ndani ya dakika kumi! Alicheka hadi miwani ikaanguka.

Hajalimaliza mpaka leo. Anasema anasoma kurasa zake kidogo kidogo, na kuliandikia safu ni kama kuandika juu ya mji ambao ameuona mtaa mmoja. Nimemwacha. Sio kila gemu zuri linazaa makala, na mpendekezaji akilazimisha, mhakiki anaandika sifa za kuazima.

Wenzake wastaafu walimsengenya kidogo, kwamba amerudia utoto. Silaha ya kuwanyamazisha nilimpa mimi. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuliingiza This War of Mine kwenye orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari. Ni gemu la Kipolandi la 2014 lililochota kwenye mzingiro wa Sarajevo wa miaka ya tisini. Unawalisha raia waliojificha kwenye nyumba iliyobomoka, na usiku unamtuma mmoja akatafute chochote. Kuna nyumba ya wazee wawili, mume na mke, wana chakula na dawa na hawana wa kuwalinda. Unaweza kuchukua. Ukichukua, aliyekwenda anarudi na majonzi ambayo hayatoki kwa kula. Mwalimu alilitaja kijiweni, kahawa ikawapoa vikombeni, na mmoja wao akaja bandani kwangu wiki ileile akijifanya ameleta mjukuu.

Ila lililonifundisha zaidi ni lile nililodhani ndilo rahisi. Tales of Kenzera: Zau lilitoka Aprili 2024. Aliyeliongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, mwenye sauti ya Bayek, shujaa wa gemu la Assassin's Creed Origins. Alilitunga akiwa amefiwa na baba yake. Kijana Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, kupatana naye: yeye amletee roho tatu kuu, arudishiwe Baba. Na unaweza kulicheza sauti zote zikiwa za Kiswahili. Nilipoliwasha kwenye kioo kikubwa, waliokuwa kwenye mpira walipunguza kelele wenyewe. Hawajazoea kioo kusema nao.

Mwalimu alisogeza kiti. Alisikiliza kama anavyosikiliza mashairi redioni, kidole kinagonga goti. Halafu nikampa pedi, na mambo yakaharibika, kwa sababu Zau ni gemu la kurukaruka. Unadandia kuta, unapaa, unabadilisha kinyago cha jua na cha mwezi katikati ya vita, na chini kuna miiba. Unaweza kupunguza ugumu wa mapambano, ila kuruka utaruka mwenyewe. Alianguka mahali pamoja mpaka mimi nikaanza kuona aibu badala yake. Lugha ilikuwa yake, mikono ilikuwa ya mtu mwingine.

Akamwita dogo mmoja wa darasa la sita aliyekuwa akichungulia mlangoni. "Wewe ruka, mimi nitasikiliza." Wakakaa hivyo asubuhi kadhaa, na ugomvi wao ulikuwa mtamu kuliko gemu. Kuna sehemu ambapo Zau anakaa chini ya mbuyu na kuzungumza na Kalunga juu ya msiba wake. Dogo alitaka kuziruka. "Acha hapo!" Mwalimu anafoka. Vita vikianza, Mwalimu anainuka kwenda kununua maji, dogo analalamika kwamba babu anakosa utamu. Nilijiuliza kama hapo kuna uhakiki wa halali, wakati mhakiki hakugusa kitu. Yeye alilitatua kwa kuliandika wazi kwenye aya ya kwanza: mikono ni ya fulani wa darasa la sita, masikio ni yangu. Kisha akauliza kwa nini huzuni ya Zau inakaa kwenye maongezi ya chini ya mti, ilhali ngumi zake zinabaki vilevile, awe na hasira au amekwisha kukubali. Kwangu ndilo swali kali zaidi alilowahi kuliuliza, na asingeliuliza kama angekuwa anaruka mwenyewe; angekuwa anahesabu miiba.

Kwa sasa nimempa Return of the Obra Dinn, la Lucas Pope tena, la mwaka 2018. Meli imerudi bandarini bila watu, mwaka 1807. Wewe ni mkaguzi wa bima, una saa ya mfukoni inayokuonyesha dakika ya kufa ya maiti unayoikuta, na kitabu cha majina sitini unachotakiwa kujaza nani ni nani na alipatwa na nini. Gemu linakuthibitishia majibu yakifika matatu sahihi kwa mkupuo, kwa hiyo kubahatisha hakukufikishi mbali. Mwalimu amefungua daftari la mistari, ameandika upande mmoja majina, upande mwingine kofia, ndevu, lafudhi. Kwa mabaharia Wachina wa milingotini amekwama na ananituhumu kwamba najua. Najua. Wiki hii safu yake itakuwa ya riwaya, mhariri ameshaambiwa, na mimi nimekatazwa kupita kwake mpaka aninong'oneze kwenye simu kwamba amepata watatu wengine.